Kila ninayemfumia skafu ananiambia nifungue biashara

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 34, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa miaka mitano. Kwetu ni Pangani, ila ajira ilinileta Njombe na huku ndiko nilikompata mume wangu. Mtu wa pwani akishuka kwenye basi Njombe mwezi wa sita ndipo anapojua kwamba baridi haitanii. Nilikuja na koti moja la kuazima. Mama mwenye nyumba wangu wa kwanza alinionea huruma, akanipa sindano mbili na donge la uzi wa kijani, akasema, "Mwalimu, huku usiposhika hizi baridi itakumaliza." Ndivyo nilivyojifunza kufuma.

Siku hizi silali bila kufuma mistari michache. Jioni zangu nazipenda Anti, naomba usinicheke. Nikishasahihisha madaftari na mtoto akishalala, nafungua redio kwa sauti ya chini, naweka jiko la mkaa karibu na miguu, nafunga mlango na madirisha baridi isipenye, nafuma. Macho yakichoka kuhesabu vitanzi nachukua fumbo la maneno kwenye gazeti la wiki iliyopita. Jumamosi nadarizi foronya, au nahangaika na maua yangu niliyoyapanda kwenye makopo ya rangi. Simu naiacha chumbani. Sina kundi la kuzunguka nalo, na wala silitafuti.

Tatizo lilianza nilipomfumia skafu mwalimu mwenzangu aliyetoka uzazi. Akaja nayo shuleni, watu wakaiona, kila mmoja akataka ya kwake. Mwanzo nilisema mniletee hela ya uzi tu. Baadaye wakasema niwauzie kabisa, nikaweka bei ya shilingi 12,000. Uzi peke yake ni madonge mawili ya shilingi 3,500 kila moja, na skafu moja hunila jioni zote za wiki, kama saa mbili kila jioni. Watatu wamechukua kwa mali kauli. Mishahara imetoka na kuisha, wakiniona wanapita kando. Mwingine kanirudishia ya kwake, anasema imejikunja pembeni kuanzia juu mpaka chini hadi imekuwa kama bomba.

Dada yangu aliye Dar hapiti wiki hajapiga: "Una kipaji unakilalia. Nitumie hamsini nikuuzie Kariakoo." Wenzangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wameshaanza kuniita mjasiriamali. Na sasa mume wangu naye. Yeye ana biashara ya mbao, na siku hizi mbao haziendi. Kasikia kuna mtu Makambako anauza mashine ya kufumia masweta kwa shilingi 900,000. Anataka nikope VICOBA tuinunue, nianze marejesho Septemba, nifume skafu na masweta kwa wingi. Nilipomwambia kwamba mimi nafuma kwa kupumzika tu, alijibu, "Mtu mzima hawezi kukaa saa mbili kila siku anafanya kitu kisichoingiza hela." Tangu hapo nikishika sindano ananitazama tu. Hanisemeshi, nami simsemeshi, nahesabu vitanzi vyangu.

Na kusema kweli tangu nianze kufuma za kuuza, raha imeondoka. Nafuma huku natazama saa. Usiku kichwa kinaniuma sana, Julai ilikuwa karibu kila usiku, nikisimama naona kizunguzungu. Mume wangu anasema ni hivyo vitanzi na taa yetu hafifu. Asubuhi nikifika shuleni kinaacha.

Naomba unijibu. Nikope? Hawa wadaiwa niwafanyeje, na hawa wanaoendelea kuagiza? Je, ni uvivu mtu kuwa na kitu anachokifanya bila malipo? Na kama unajua kwa nini skafu inajikunja, nisaidie. Kikao cha VICOBA ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu wa nane.

Mwalimu, Njombe

* * *

Marahaba, mwalimu.

Naanza na jambo ambalo hukuniuliza, na nakuomba usiendelee kusoma kabla hujalifanya. Litoe hilo jiko la mkaa ndani.

Nimeisoma barua yako mara ya pili kwa sababu ya sentensi yako ya kichwa. Kinauma usiku, kizunguzungu kipo, ukifika shuleni kinaacha. Mumeo analaumu vitanzi. Mimi nalaumu mlango na madirisha uliyoyafunga. Mkaa unapoungua ndani ya chumba kisichopitisha hewa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, haina rangi, haikoholeshi mtu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Inaanza kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu unaofanana na usingizi wa kawaida. Ikizidi, mtu analala na haamki. Aliyeishi mikoa ya baridi hahitaji kuelezwa zaidi, habari za nyumba zilizokutwa kimya asubuhi, jiko likiwa katikati ya chumba, tumezisikia sote.

Kuna wanaosema mkaa ukishawaka vizuri ukawa mwekundu, moshi ukaisha, hauna shida. Si kweli. Moshi ndio unaoisha, hiyo hewa inaendelea kutoka. Na wewe una mtoto wa miaka mitano amelala chumba cha pili. Kwa hiyo jiko likae nje au jikoni kwenye uwazi wa kupitisha hewa, na wewe ujifunike blanketi magotini, uvae soksi mbili, ujaze maji ya moto kwenye chupa inayostahimili joto uiweke miguuni. Halafu, mwanangu, wewe ni mfuma skafu. Vaa moja! Kisha nenda kituo cha afya, waeleze kichwa kinavyokuuma na uwaambie kabisa habari ya jiko, maana usipolitaja watakupima malaria wakupe vidonge vya maumivu urudi palepale. Huenda kuna sababu nyingine pia, macho au shinikizo la damu, nao ndio watakaokwambia.

Sasa tuje kwenye mashine. Jibu langu ni usikope, na sababu zangu ni za hesabu, kwa hiyo chukua kalamu.

Skafu yako moja unauza 12,000, uzi 7,000, unabaki na 5,000. Umesema saa mbili kila jioni kwa wiki nzima, hizo ni saa 14. Gawanya, haifiki shilingi 360 kwa saa. Hicho ndicho "kipaji unachokilalia" anachokisema dada yako. Ukipandisha bei upate walau hela ya maana, mnunuzi anavuka barabara anaingia kwenye mtumba, anapata skafu ya Ulaya kwa bei ndogo kuliko uzi wako. Kwa mkono huwezi kushindana na mtumba kwa bei, na huo si udhaifu wako. Ile ya mtumba ilifumwa na mashine kiwandani, ikalipiwa na mtu mwingine huko ilikotoka, ndipo ikafika Njombe kwa marobota.

"Ndiyo maana nanunua mashine," mumeo atasema. Haya. Vikundi vingi hukopesha mpaka mara tatu ya hisa za mwanachama, kwa hiyo 900,000 ina maana una hisa zisizopungua 300,000, ambazo ni jasho lako na zitakuwa zimefungwa kama dhamana. Tuseme riba yenu ni asilimia 10 na mnarejesha kwa miezi sita. Utalipa 990,000, yaani 165,000 kila mwezi. Kwa faida ya 5,000 kwa skafu, hizo ni skafu 33 kwa mwezi kabla hujala hata shilingi moja. Mashine inaweza kuzifuma, sibishi. Swali ni nani atazivaa. Unaanza marejesho Septemba, unamaliza Februari. Hiyo ndiyo miezi ambayo hata Njombe watu wanavua masweta. Baridi yenu inauma Juni, Julai na kuingia Agosti, lakini marejesho hayana msimu.

Labda anafikiria masweta ya shule. Hapo kidogo kuna hoja, kwa sababu Januari shule zinafunguliwa na mikoa yenu hakuna mtoto anayekwenda shule bila sweta. Ila hiyo ni biashara nyingine kabisa, haina uhusiano na jioni zako za redio na fumbo la maneno. Inataka mtaji wa uzi wa rangi za shule husika, mtu wa kushinda kwenye mashine mchana kutwa, makubaliano na shule, na kushindana na mafundi ambao walishaingia huko zamani na wanajulikana na walimu wakuu. Wewe mchana uko darasani. Nani atakaa kwenye mashine? Kama ni mumeo, basi hiyo ni biashara yake, aende mwenyewe Makambako akae na fundi wa masweta siku nzima, amuulize anauza nini mwezi wa kumi, mashine ikiharibika anatengenezea wapi, na kwa nini huyu mwenye mashine anaiuza. Hilo la mwisho aliulize mara mbili.

Jambo jingine la VICOBA ambalo watu hulisahau hadi siku ya aibu. Ukishindwa kurejesha, wadhamini wako ndio wanaobanwa, na wadhamini wako ni hao hao akina mama wanaokuita mjasiriamali. Leo wanakupigia makofi, kesho mko kwenye kikao hamtazamani usoni. Mtu akikwama hapo ndipo anapokimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kuziba pengo, na ukishafika huko sindano zenyewe utaziuza.

Dada yako wa Dar mwambie hivi: akupe orodha ya watu hamsini waliovaa skafu Kariakoo mwezi wa kwanza, nawe utafuma. Mpe salamu zangu.

Umeniuliza kama ni uvivu. Mwalimu, umetoka kufundisha, umesahihisha madaftari, umelaza mtoto, halafu saa ya mwisho ya siku unataka mikono yako ifanye kitu inachokipenda. Uvivu uko wapi hapo? Nakuuliza nawe ukamuulize mwenzako kwa upole: akienda banda umiza kutazama Simba na Yanga, dakika tisini na za nyongeza, na kiingilio analipa, timu gani imewahi kumlipa yeye? Wanaume wanacheza bao na drafti kijiweni mpaka giza linaingia, na sijasikia mtu akiwaambia waigeuze drafti kuwa fursa. Ila mwanamke akikaa chini na uzi, nchi nzima inamtafutia soko. Siku hizi neno fursa limetuingia vibaya, mtu akipika maandazi matamu anaambiwa afungue mgahawa, akipanda maua matatu anaambiwa auze miche. Mimi naona nyumba inahitaji walau kitu kimoja kisicho na bei.

Na faida unaipata, isipokuwa haiingii kwenye simu. Mwaka 2013 jarida moja la Uingereza la fani ya tiba kwa shughuli lilichapisha matokeo ya dodoso la wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali, na waliokuwa wanafuma mara nyingi zaidi kwa wiki ndio waliosema zaidi kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha. Wewe ni mwalimu, utaniambia kwamba mtu asiyependa kufuma asingejaza dodoso la kufuma, na utakuwa na haki, kwa hiyo usiende kumpigia mumeo kelele na utafiti huo. Lakini wewe mwenyewe ushahidi unao kwenye barua yako. Ulipokuwa unafuma kwa kupumzika ulizipenda jioni zako, ulipoanza kufuma huku ukitazama saa raha ikaondoka. Uzi ni uleule, sindano ni zilezile.

Isije ikaonekana nasema kazi ya mikono isiuzwe. Umekulia Pangani, umewaona wanawake wakisuka ukili, na unajua ile mikeka huuzwa na imesomesha watoto. Na ikitokea siku moja wewe mwenyewe, bila kusukumwa, unataka hela kidogo kutoka kwenye sindano, achana na skafu, fuma vya watoto wachanga: sweta dogo, kofia, soksi, seti moja. Uzi unaokwenda ni kidogo, muda ni mfupi kuliko skafu, na anayekwenda kumtazama mzazi hapendi kwenda na mtumba. Ila iwe ni wewe umetaka.

Hapo kwenye ukili ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu nadhani ndipo lilipo tatizo la nyumba yako.

Barua yako imejaa uzi, vitanzi, madonge na sindano. Kuhusu biashara ya mumeo kuna sentensi moja fupi, kwamba mbao haziendi, halafu umeruka. Mwanangu, mwanamume mwenye mbao zisizokwenda, anayetaka mkewe akope 900,000 kabla ya Septemba, hazungumzii skafu. Sisemi anadaiwa. Nasema hujui, na hujui kwa sababu hamsemeshani. Yeye akiingia anakukuta umeinama unahesabu. Akisema neno, nadhani unainua kidole asubiri umalize mstari. Nakuelewa, ufumaji wa kuhesabu ukikatizwa unakosea, unafumua. Lakini mtu aliyechoka akiinuliwa kidole kila jioni, mwishoni anachukia sindano, wakati kinachomuuma ni mengine. Wale wanawake wa ukili ulikotoka, mikono iko kazini na mdomo uko huru. Wanasuka huku wanasalimia wapitao, wanaulizana habari, wanagombana na kupatana, na ukili unarefuka. Wewe umejifunza kufuma ukiwa peke yako ugenini, ndiyo maana ufumaji wako ni wa kimya. Ulikufaa wakati huo, na sasa kuna mtu wa pili sebuleni.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi ya kikao, zungumza naye. Si usiku anaporudi amechoka, na si mbele ya mtoto. Jumapili mchana mkishakula ni wakati mzuri. Sindano ziache chumbani siku hiyo. Anza na mbao: zimelala wapi, nani anamdai, nani anadaiwa na yeye, ada na kodi mwezi ujao vitatoka wapi. Uliza na unyamaze, mwache amalize. Akishasema yake, mwoneshe hesabu ya mashine niliyokuandikia hapa, mistari yote, pamoja na Septemba mpaka Februari. Mfanyabiashara wa mbao anaijua hesabu kuliko mimi na wewe, hana sababu ya kuikataa ikiwa mbele ya macho yake. Na kama kweli kuna shimo la hela, mlijadili kama shimo la hela. Wewe una mshahara na una hisa kikundini, mnaweza kukaa mkaona namna. Hapo ndipo unapoweza kumwambia bila ugomvi kwamba utasaidia nyumba kwa njia nyingine zote mtakazokubaliana, na ile saa ya jioni ibaki yako.

Akikasirika? Anaweza. Usikubali kukopa kwa sababu kakasirika. Deni la mashine litakuwa kwa jina lako.

Wadaiwa wako watatu ni jambo dogo, tusipoteze muda. Mtumie kila mmoja ujumbe wake peke yake, usiandike kwenye kundi la walimu: "Habari za jioni mwalimu, nakumbusha ile 12,000 ya skafu, naomba unitumie mwisho wa mwezi huu." Basi. Atakayelipa atalipa. Asiyelipa, umemjua kwa 12,000, wengine huwajua watu kwa laki tatu.

Wanaoendelea kuagiza uwaambie umesimamisha kuuza. Hutakiwi kueleza sababu, sema tu, "Nimesimamisha kwa sasa." Ndugu na marafiki ambao huwezi kuwakatalia, jibu lako liwe hili: "Uzi lete wewe, madonge mawili, nami nitafuma nikipata nafasi, ila usiniulize tarehe." Utashangaa wangapi watapotea njiani kwenda kununua uzi. Watakaoleta, hao wanaitaka kweli, na kuwafumia itakuwa raha.

Sasa skafu kujikunja. Nina hakika uliifuma kwa ule mtindo unaotoa upande mmoja laini na upande wa pili wenye vinundu, kwa sababu unapendeza machoni. Mtindo huo hujikunja pembeni siku zote, haijalishi fundi ni nani. Vitanzi vyake vinavuta zaidi upande mmoja kuliko mwingine, basi kingo zinaviringika. Hufaa kwa sweta kwa kuwa sweta linashonwa ubavuni, kingo zinashikana. Skafu kingo zake ziko wazi. Na usijaribu kuinyosha kwa pasi. Uzi unaouzwa zaidi madukani ni wa akriliki, pasi ya moto inaulegeza au kuuyeyusha kabisa. Hiyo iliyorudishwa ifumue. Uzi utatoka umejikunjakunja, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu mbili tatu usivurugike, uuloweshe kwa maji ya kawaida, uuning'inize ukauke. Utanyooka na kufumika tena.

Ukianza upya, fuma kila mstari kwa namna moja tu, ule wa kawaida wa mbele, ukigeuza kazi unafuma vilevile. Utapata vinundu pande zote mbili, kingo zitatulia, na skafu itakuwa nene yenye joto zaidi. Kwa sindano za milimita 5 na uzi wa unene wa kati, anza na vitanzi kama 36, utapata upana wa sentimita 20 hivi, uende mpaka urefu wa sentimita 160. Nunua uzi wote siku moja na utazame namba ya rangi na namba ya mkupuo (lot) kwenye karatasi ya donge, ziwe zinafanana, la sivyo nusu ya skafu itakuwa kijani hiki na nusu kijani kile.

Tena mtindo huo hauna cha kuhesabu. Ukishaanzisha vile 36 mikono inakwenda yenyewe, unaweza kumtazama mtu usoni na kumuuliza leo mbao zimekwendaje. Zile skafu zako za michoro, za kuhesabu, zibakize kwa siku yeye akiwa banda umiza.